Mzazi, kabla ya kuongeza sauti ya homu thieta angalia ilivyofungwa

Dar es Salaam. Sabufa, au homu thieta kwa familia iliyonunua yenye spika tano, imekuwa sehemu ya sebule kama lilivyo kochi na meza ya runinga. Ndiyo inayosubiriwa siku ya mechi ya Simba na Yanga, ndiyo inayopiga kaswida na kwaya siku za ibada, na Jumamosi asubuhi ndiyo inayotoa sauti za katuni za watoto.

Pamoja na hayo, malalamiko katika nyumba nyingi yanafanana. Muziki unasikika mpaka kwa jirani, lakini mtu akizungumza kwenye tamthilia au taarifa ya habari maneno hayaeleweki. Baba anachukua rimoti na kuongeza sauti. Tangazo linaingia kwa kishindo, mama anapunguza. Tamthilia ikirudi, sauti inaongezwa tena.

Mara nyingi tatizo si udogo wa chombo. Ni namna kilivyopangwa na kuunganishwa. Spika zote zimepangwa upande mmoja, sabufa imebanwa kwenye kona, na waya mmoja umechomekwa kinyume. Kwa kuwa maneno hayasikiki, familia inaongeza sauti, na anayeubeba mzigo wa ongezeko hilo ni mtoto aliyekaa mkekani, hatua moja kutoka kwenye spika.

Ndiyo maana kufunga vyombo vya muziki nyumbani si kazi ya fundi peke yake. Ni suala la afya ya familia, kuanzia masikio na usingizi wa mtoto hadi usalama wake dhidi ya umeme.

Anachosikia baba si anachosikia mtoto

Sikio la ndani la binadamu lina takriban chembe 15,000 zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe unaokwenda kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha. Ikiendelea kwa muda mrefu huziua, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, lilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wanaishi na kiwango fulani cha upungufu wa usikivu. Shirika hilo linasema takriban asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika, yakiwamo maambukizi ya masikio.

Mwaka 2019, WHO na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) walitoa viwango vya usikilizaji salama kwa vifaa binafsi vya kusikilizia, kama simu na spika za masikioni. Kwa mtu mzima, kiwango ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Viwango hivyo havikuandikwa kwa ajili ya sabufa ya sebuleni, lakini sikio halichagui sauti imetoka wapi, hivyo vinampa mzazi kipimo cha kuanzia.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa mtoto, saa 40 za desibeli 75 huwa saa 20 sauti ikifika desibeli 78, na huwa saa 10 ikifika desibeli 81. Ikifika desibeli 90, muda wote salama kwa wiki nzima ni kama saa moja na robo.

Sasa ichukuliwe sebule ya kawaida. Baba amekaa kwenye kochi mita 3 kutoka kwenye spika na ameweka sauti ya desibeli 70, ambayo kwake ni ya wastani. Mtoto amekaa chini, sentimita 75 kutoka kwenye spika hiyohiyo.

Umbali ukipungua kwa nusu, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika huongezeka kwa takriban desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi sentimita 75 umbali umepungua kwa nusu mara mbili, yaani ongezeko linaweza kufika desibeli 12. Ndani ya chumba kuta hurudisha sauti, hivyo tofauti huwa pungufu kidogo. Hata hivyo, sauti ambayo kwa baba ni 70, kwa mtoto inaweza kuwa karibu na 80.

Mtoto anayekaa hapo saa mbili kila siku anakuwa na saa 14 kwa wiki, na kwa hesabu hiyo anakaribia au kuvuka kiwango chake bila mtu yeyote nyumbani kuona kuwa muziki ni mkubwa.

Madhara yake hayaji kwa maumivu. Kelele kwa kawaida huanza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba, na katika eneo hilo ndimo zilimo konsonanti nyingi zinazotofautisha maneno. Mtoto anasikia kuwa anaitwa, lakini darasani anashindwa kutofautisha “saa”, “taa” na “faa”. Mwalimu anamwona mzembe, mzazi anamwona mkaidi.

Kwa nini maneno hayasikiki

Sauti ya besi ina tabia ya kufunika sauti nyembamba. Besi ikizidi, maneno humezwa. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu besi nayo inaongezeka.

Sabufa ikiwekwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huongeza nguvu ya besi. Chumba hujaa mvumo na mtu anadhani amenunua chombo chenye nguvu, kumbe kona ndiyo inayovuma.

Sebule nyingi pia zina sakafu ya vigae au saruji, kuta tupu na madirisha ya vioo. Sauti hugonga na kurudi, maneno yakafuatana na mwangwi wake. Pazia zito, zulia, kochi la kitambaa na hata kabati lenye vitabu hunyonya sehemu ya mwangwi huo. Familia isiyo na bajeti ya chombo kipya inaweza kuanza na zulia mbele ya runinga, na tofauti ikasikika siku hiyohiyo.

Sababu nyingine ni kuacha spika za runinga zikiendelea kulia pamoja na za homu thieta. Sauti hizo mbili hazifiki kwa wakati mmoja, na matokeo yake ni mwangwi unaofanya maneno yagongane. Baada ya kuunganisha, spika za runinga zinapaswa kuzimwa kwenye mipangilio yake.

Spika kila moja na mahali pake

Homu thieta ya spika tano na sabufa moja, inayojulikana kama 5.1, ina mpangilio wake. Spika tano hizo hazikutengenezwa zipangwe mstari mmoja juu ya meza ya runinga.

Spika ya katikati ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo kwenye filamu zilizorekodiwa kwa mfumo huo. Inapaswa kukaa chini au juu ya runinga, katikati kabisa, ikielekezwa kwenye nyuso za watu waliokaa. Ikifichwa ndani ya kabati au nyuma ya mapambo, maneno ndiyo ya kwanza kupotea.

Spika mbili za mbele hukaa kulia na kushoto kwa runinga, kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Umbali kati ya spika hizo mbili ukikaribiana na umbali wa kila moja hadi kwenye kochi, unapatikana umbo la pembetatu yenye pande sawa, na huo ndio mpangilio mzuri wa kuanzia.

Spika mbili za nyuma hukaa pembeni mwa wasikilizaji, zikirudi nyuma kidogo, juu kidogo ya usawa wa masikio. Kazi yake ni kutoa sauti za mazingira kama mvua, upepo au shangwe za uwanjani. Zikiwekwa mbele pamoja na nyingine huvuruga maneno badala ya kusaidia.

Sabufa haina ulazima wa kukaa sehemu moja maalumu, kwa kuwa sikio hushindwa kutambua kwa urahisi besi nzito inatoka upande gani. Mafundi wana njia rahisi ya kuitafutia nafasi. Sabufa huwekwa kwa muda kwenye kochi, pale mtu anapokaa kusikiliza, kisha muziki wenye besi hupigwa kwa sauti ndogo. Mtu hutembea taratibu kando ya kuta akiwa ameinama. Pale atakaposikia besi iko sawa, bila kuvuma wala kupotea, ndipo sabufa ihamishiwe.

Kwa nyumba yenye mtoto kuna masharti mawili ya kuongeza. Sabufa isiegemee ukuta unaotenganisha sebule na chumba anacholala mtoto, na isikae sakafuni pale watoto wanapochezea. Kipande cha mpira au zulia chini yake hupunguza mtikisiko unaopita kwenye sakafu.

Kwa mwenye sabufa yenye spika mbili au tatu ndogo kanuni ni hizohizo. Spika zikae pande mbili za runinga, zitazame wasikilizaji, na zisiwekwe juu ya sabufa yenyewe.

Baada ya hapo mkeka wa watoto usogezwe. Mita 2 au zaidi kutoka kwenye spika yoyote ni nafuu kubwa kwa masikio yao, na haigharimu kitu.

Waya gani unaingia wapi

Kabla ya kugusa waya wowote, vyombo vyote vizimwe na plagi zichomolewe kwenye soketi. Umeme uwe wa mwisho kuunganishwa.

Hatua ya kwanza ni waya za spika. Kila waya una pande mbili, na upande mmoja huwa na rangi au mstari. Chanya iende kwenye chanya na hasi kwenye hasi, kwenye chombo na kwenye spika. Spika moja ikifungwa kinyume, inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Besi hupungua, na sauti ya mtu anayezungumza huonekana kama inatoka kila upande. Kosa hilo haliunguzi chombo, ndiyo maana linaweza kukaa miaka bila kugundulika, huku familia ikiongeza sauti kila siku.

Hatua ya pili ni kuunganisha runinga na homu thieta. Njia rahisi kwa vyombo vya miaka ya karibuni ni kebo ya HDMI kupitia tundu lililoandikwa ARC au eARC. Teknolojia ya ARC ilianza mwaka 2009, na runinga nyingi bapa zilizotoka baadaye zinayo, ingawa kwa kawaida ni kwenye tundu moja tu kati ya mawili au matatu. Kebo ikichomekwa kwenye tundu jingine la HDMI, picha zitaonekana kama kawaida lakini sauti haitakwenda kwenye homu thieta.

Faida ya njia hiyo ni kuwa sauti ya kila kinachoonekana kwenye runinga, iwe king'amuzi, flashi au intaneti, hupita kwenye kebo moja, na rimoti ya runinga inaweza kuongoza sauti yote.

Isipokuwapo ARC, kuna kebo ya mwanga, ambayo tundu lake huandikwa OPTICAL. Nayo hubeba sauti tu. Kofia ndogo za plastiki kwenye ncha zake ziondolewe kabla ya kuchomeka, na kebo isikunjwe kwa nguvu kwa sababu ndani yake mna uzi mwembamba unaopitisha mwanga.

Sauti isiposikika kwa njia hizo mbili, mahali pa kuanzia ni kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, kubadili kinachotumwa kuwa PCM. Kuna vyombo vya bei nafuu visivyoweza kusoma mifumo mingine.

Sabufa nyingi zilizozoeleka nchini hutumia waya za AV zenye ncha nyekundu na nyeupe. Hizo hutoka kwenye tundu la runinga au king'amuzi lililoandikwa AUDIO OUT na kuingia kwenye tundu la sabufa lililoandikwa IN. Ncha ya njano ni ya picha, haihusiki na sabufa.

Waya hizo zikitoka kwenye king'amuzi moja kwa moja, sabufa itatoa sauti ya king'amuzi pekee. Familia ikiweka flashi kwenye runinga, sabufa itakaa kimya. Wengi hudhani imeharibika na kuipeleka kwa fundi. Suluhisho ni kutoa sauti kwenye runinga badala ya king'amuzi. Runinga isiyo na AUDIO OUT inaweza kutumia tundu la spika za masikioni kama inalo.

Tahadhari moja kwa waya za AV ni kutochomeka kwenye tundu la IN waya unaotoka kwenye sehemu ya spika ya amplifaya. Sauti ya hapo ina nguvu kubwa na inaweza kuunguza chombo kinachoipokea.

Bluetooth ni rahisi kwa muziki wa kwenye simu, lakini kwa filamu sauti inaweza kuchelewa, midomo ikatangulia na maneno yakafuata. Kwa runinga, waya bado ni bora.

Weka sauti kwa taarifa ya habari, si kwa singeli

Baada ya kuunganisha, sauti ishushwe hadi sifuri kabla ya kuwasha. Watoto wasiwe karibu na spika wakati wa majaribio, kwa sababu mlio wa ghafla wa chombo kilichoachwa na sauti ya juu unaweza kuumiza sikio.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kujaribu chombo kwa wimbo wa singeli au bongo fleva wenye besi nzito. Wimbo wa namna hiyo unaonyesha nguvu ya chombo, hauonyeshi kama maneno yanasikika. Jaribio zuri ni sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

Besi ianze chini. Sauti iongezwe taratibu mpaka maneno ya msomaji yasikike vizuri kwenye kochi, halafu besi ipandishwe kidogo kidogo na kuachwa kabla haijaanza kufunika maneno. Homu thieta nyingi zinaruhusu kuongeza spika ya katikati peke yake, na hapo ndipo maneno hupatikana bila kupandisha vingine vyote.

Namba iliyopatikana hapo ndiyo iwe ya nyumba. Kwa chombo kinachoonyesha namba, familia ikubaliane kuwa haivukwi. Kwa sabufa ya kuzungusha kitufe, kipande cha plasta au alama ya rangi kinatosha. Runinga na homu thieta nyingine zina sehemu ya kuweka ukomo wa sauti, ambao mtoto hawezi kuuvuka kwa rimoti.

Programu za kupima desibeli kwenye simu hutoa makadirio yanayosaidia. Simu iwekwe pale mtoto anapokaa, si kwenye kochi. Pasipo na simu kuna kipimo kingine: ikiwa mtu analazimika kupaza sauti ili asikike na aliye umbali wa mkono mmoja, kelele hiyo imefikia kiwango kinachoweza kudhuru masikio ikidumu.

Usiku besi haina mlango

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa 4 au saa 5 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, wakati watoto wako kitandani. WHO inapendekeza mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, na miongozo yake ya kelele inataka chumba cha kulala kiwe na wastani usiozidi desibeli 30.

Mlango ukifungwa, sauti za watu hupungua, lakini besi hupita kwenye ukuta, sakafu na dari. Mtoto anaweza asiamke kabisa, ila usingizi wake ukakatikakatika, akaamka asubuhi akiwa mzito na mwenye hasira.

Homu thieta nyingi zina mpangilio wa usiku, ulioandikwa NIGHT au DRC, unaoshusha vishindo na kuinua maneno. Pasipokuwapo, kushusha besi hadi mwisho au kuzima sabufa na kuacha spika ndogo kunatosha kwa mtangazaji kusikika.

Kwa wanaoishi nyumba za kupanga suala hili linawagusa pia majirani wenye watoto wachanga, wagonjwa na wazee. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zinagusa pia kelele na mitetemo. Lakini majirani wakizungumza mapema, mara nyingi hawafiki huko.

Hatari tatu zisizo na sauti

Ya kwanza ni soketi. Vyombo vingi huja na plagi ya ncha mbili wakati soketi za nchini ni za matundu matatu. Mtu mzima huchukua kalamu au kijiti, akakisukuma kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke. Kizuizi kile kiliwekwa makusudi kuzuia vidole na vitu vya watoto visifike kwenye umeme. Mtoto anayemwona mzazi akichokoa soketi kwa kalamu ataijaribu siku moja, na huenda kalamu yake ikawa msumari. Adapta au plagi mpya ya ncha tatu ndiyo njia sahihi.

Ekstensheni moja isibebe runinga, king'amuzi, sabufa, pasi na jiko la umeme kwa pamoja, na isipitishwe chini ya zulia ambako joto halina pa kutokea. Kwa maeneo ambayo umeme hukatika na kurudi kwa nguvu, kifaa cha kulinda runinga hupunguza hatari ya vyombo kuungua.

Ya pili ni kuangukiwa. Runinga kubwa juu ya meza nyembamba, na waya zinazoning'inia mbele, ni mwaliko kwa mtoto anayejifunza kusimama. Hushika anachokiona. Runinga ifungwe ukutani au ifungwe kwa mkanda kwenye ukuta, spika ndefu zikazwe zisiyumbe, na waya zote zipite nyuma ya meza.

Ya tatu ni rimoti. Rimoti nyingi ndogo za sabufa hutumia betri bapa ya duara kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye koo la chakula, inaweza kuanza kuunguza nyama za ndani katika muda wa saa mbili, hata kama betri hiyo imekwisha nguvu. Dalili zake hufanana na za mafua au kukataa chakula, na hapo ndipo wazazi hupoteza muda.

Mfuniko wa betri ukilegea, ufungwe kwa selotepu au rimoti iwekwe juu. Mzazi akihisi mtoto amemeza betri, amkimbize hospitali yenye kipimo cha eksirei mara moja na awaambie wahudumu neno betri. Asimtapishe wala asimpe chakula. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anayeweza kumeza anaweza kupewa asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, kama betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, safari ya hospitali ikiendelea. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Dalili za kuangalia kwa mtoto

Mtoto anayesogea karibu na runinga kila mara, anayeongeza sauti wakati wengine wanasikia vizuri, anayeuliza “eee?” mara kwa mara, au anayesema kuna mlio masikioni, anahitaji kupimwa. Vivyo hivyo kwa mtoto anayechelewa kuzungumza au anayetokwa usaha masikioni.

Apelekwe kituo cha afya, na ikibidi apewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mafuta ya moto, maji ya majani au pamba za vijiti visiingizwe kwenye sikio kabla ya kuchunguzwa.

Kwa watoto wadogo zaidi, kuna suala la runinga inayolia kutwa bila mtu kuitazama. Mtoto hujifunza maneno kwa kuzungumzishwa, na runinga ikiwa inaendelea, wazazi huzungumza naye kidogo. WHO haipendekezi muda wa skrini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne usizidi saa moja kwa siku.

Familia inayotaka kuanza leo inaweza kufanya mambo manne bila kununua chochote: kuitoa sabufa kwenye kona, kuangalia rangi za waya za spika, kuzima spika za runinga, na kusogeza mkeka wa watoto nyuma. Baada ya hapo iwekwe taarifa ya habari, na sauti ishushwe mpaka pale maneno yanapoishia kusikika vizuri. Nyumba nyingi zitakuta namba hiyo iko chini ya ile waliyoizoea.